Kafi Lisilogusa Maji

Kafi lile lilikuwa halijawahi kugusa maji. Abdulsamad aliliona hilo mwanzo, kabla hajakaa, kabla hajamaliza kuulizwa habari za njia. Lilitundikwa ukutani katika ukumbi wa wenyeji wao pale Nizwa, Omani, mahali ambapo nyumba nyengine hutundika jambia la babu au aya ya Kursi. Lilikuwa fupi na pana, limepakwa vanishi likang'aa kama halua, na ncha yake haikuwa na kovu hata moja. Usoni lilichomwa herufi tatu kubwa: pembetatu, duara lenye kistari katikati, na kitu kama uma wa meno matatu.

Alipokea kahawa, akala tende moja, akasikiliza.

Walikuja kutoka Ibra yeye na dada yake Zabibu, kuiangalia nyumba iliyoleta posa. Aliyeposwa ni Azza, mjukuu wake, mwalimu wa hesabu. Baba yake Azza, Khalaf, alifariki kwa ajali ya gari miaka tisa nyuma, kwa hivyo walii alikuwa Abdulsamad mwenyewe, na neno la ndiyo au hapana lilikuwa kinywani mwake. Mwenye kuposa aliitwa Mohannad bin Hood, mhandisi, kijana wa miaka ishirini na tisa, aliyesoma Marekani. Watu wake ni wa Unguja kama wao. Mama yake, Bi Ghaniya, alisema Kiswahili cha Mjini kilichonyooka. Mwenyewe Mohannad alikisema kama mtu anayetembea na viatu vya mwenziwe.

"Hilo kafi," alisema Abdulsamad alipoona wakati umefika, "la kazi au la pambo?"

Mohannad alicheka. "Pambo, babu. Ni ya chama yangu ya chuoni. Ya'ni, wanafunzi wanakaa nyumba moja, wanakula pamoja, wanaitana ndugu mpaka kufa. Kila mpya anapewa kaka mkubwa, na yeye anamtengenezea kaka yake kafi. Dasturi yao."

"Na hizo alama?"

"Kiyunani hiyo. Jina ya chama."

"Maana yake nini?"

"Hiyo siwezi kusema, babu." Alitabasamu kama mtu aliyezoea kuulizwa. "Anajua mwanachama tu. Tumeapa."

Zabibu alishusha kikombe.

"Mliapa kwa nani?" aliuliza.

"Bibi, wallahi si kitu ya dini. Wakristo walikuwepo, Mayahudi walikuwepo, mimi na mwenzangu mmoja Waislamu. Mambo ya vijana tu. Kuna nyimbo, kuna kitabu, kuna namna ya kupeana mkono..."

"Kupeana mkono!" alisema Zabibu, akamgeukia kaka yake kwa uso mzima.

Abdulsamad aliomba ruhusa, akainuka, akaliteremsha lile kafi. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alipoligeuza aliona kuwa nyuma kumeandikwa kwa wino mweusi, maandishi yanayopanda na kushuka kama ya mtoto anayeanza shule. Alikuwa hajasoma zaidi ya maneno ya mwanzo, "Kaka mkubwa", kwa Kiingereza, pale Mohannad alipolichukua mikononi mwake, kwa adabu, akalirudisha ukutani uso mbele.

Pembeni palikuwa na picha ndefu ndani ya fremu: vijana hamsini na zaidi, kila mmoja na kiduara chake, suti moja, tai moja, jina na cheo chini yake, na juu kabisa mwaka 2017. Mohannad alikuwa safu ya tatu. Cheo chake: Mwalimu wa Wapya. Safu ya chini, karibu na kona, Abdulsamad aliona uso mwengine wa nyumbani, jina lake Aflah, na ukoo wake ni ukoo wa watu wa Sur.

"Wangali wakipiga picha hizi kila mwaka?"

"Hiyo ndiyo ya mwisho. Nyumba imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na chuo." Mohannad alimtazama mama yake, na mama yake akaitazama sahani ya halua. "Mambo ya utawala, babu."

Abdulsamad aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kuweka kwanza, kufungua baadaye.

Jambo la mwisho lilitokea wakati wa kuaga, nalo lilikuwa dogo. Zabibu aliomba maji. Alikunywa bilauri moja, akanywa ya pili, akanyoosha mkono aongezwe ya tatu. Mohannad alikuwa ameshika jagi, lakini hakumimina.

"Taratibu, bibi," alisema. "Pumzika kwanza." Alikuwa akicheka, ila jagi hakuliachia.

Kisha akampa Abdulsamad kitabu chembamba chenye jalada la kijani. "Hii si siri. Kila mpya anapewa. Soma, babu, ili usidhani mabaya."

Waliagana kwamba jibu litatoka Ijumaa ya pili.

Ndani ya gari Zabibu hakungoja hata mkanda ufungwe. "Umesikia? Umeona? Pembetatu! Jicho! Mikono ya siri! Frimasoni hao, Abdu, n'nakwambia. Na ubahili juu yake. Nyumba yenye marumaru mpaka jikoni, mtu ananihesabia maji ya kunywa!"

"Jicho halikuwapo. Palikuwa na duara lenye kistari."

"Basi limefumba."

Abdulsamad alicheka peke yake mpaka njia panda. Lile la maji na yeye aliliona, na hakujua aliweke wapi.

Alikisoma kitabu siku tatu, kamusi mkono wa kushoto na daftari mkono wa kulia. Shule yake iliishia Unguja akiwa kijana. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe hivi hivi, ukurasa kwa ukurasa. Chama kiliasisiwa mwaka 1868, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na wanafunzi saba waliokutana katika chumba juu ya duka la matandiko ya farasi. Baadhi yao walipigana upande huu na baadhi upande ule, na kiapo chao cha kwanza kilikuwa kutoulizana nani alifanya nini vitani. Kila mpya huyahifadhi majina saba hayo kwa mpango wake. Husoma alfabeti ya Kiyunani yote huku ameshika njiti ya kiberiti inayowaka, na amalize kabla moto haujafika vidoleni. Nishani huvaliwa upande wa moyo. Kila nyumba ina mama mlezi, mara nyingi mjane, na hakuna anayeshika kijiko mpaka yeye aketi. Kafi zamani lilikuwa la kuwachapia wapya. Likapigwa marufuku, likabaki zawadi.

Mengine aliyapenda. Yule mama mlezi alimpenda hasa.

"Mbona mama yetu alikuwa mkubwa wa chama cha lelemama," alimwambia Zabibu, "na vyeo, na sare, na mafumbo ya kuwatia watu adabu, na mpaka leo wewe hujui walikuwa wakiapizana nini wakishafunga mlango?"

"Lile lilikuwa jambo la heshima!"

"Nao ndivyo wasemavyo."

Lakini ukurasa mmoja aliupigia mstari, akaurudia mara tatu. Mpya hamwambii mtu wa nje yaliyopita ndani. Na likitokea la kutokea, aambiwe kwanza mkuu wa Nyumba, na watu wangoje neno lake.

Likitokea la kutokea. Maneno yale yalimkaa kama mwiba wa samaki. Nyumba iliyosimama karne moja na nusu haifungwi kwa mambo ya utawala.

Azza alimkuta uani jioni ile, daftari likiwa magotini. Alikaa ukingoni mwa jukwaa la saruji, akaivuta shela yake.

"Babu, umefika wapi?"

"Ningali njiani."

"Uliza unavyotaka. Lakini uliza mpaka mwisho." Alisema kwa sauti ya darasani, ile isiyopanda. "Mara ile uliishia nusu."

Abdulsamad aliyajua ya mara ile. Miaka mitatu nyuma alikuja kuposa kijana wa mji wa Samad Ash Shan, watu wakaleta maneno mabaya juu yake, naye akayapokea, akasema hapana. Miezi minne baadaye ikajulikana kwamba maneno yale yalikuwa ya mtu mwengine wa jina lile lile. Kijana alikwisha oa. Azza hakulalamika. Ila mwaka mzima hakukaa na babu yake kunywa chai uani.

"Ukisema hapana nitakutii," alisema sasa. "Ila usiniletee mwengine. Nitakuwa nimetosheka."

Hakukusudia kumtisha. Hilo ndilo lililomtisha.

Basi akauliza. Kwa dasturi huulizwa watatu: jirani, imamu, na mkubwa wa kazi. Jirani alisema kijana ni wa sala. Imamu alisema kijana ni wa sala na ni mtulivu. Mkubwa wa kazi alisema angepata watano kama yeye angestarehe. Wote watatu walisema kwa mdomo mmoja, na Abdulsamad akazidi kuingiwa na shaka. Miaka thelathini alifanya kazi idara ya maji, akisuluhisha magomvi ya falaji, mingi kati ya hiyo pale Birkat al Mauz, ambapo maji ya mfereji hugawiwa mashamba kwa zamu ya nusu saa, nayo huitwa athar. Alijifunza kwamba mtu aliyezidisha zamu yake hasemi uongo mkubwa. Hupunguza kidogo. Akikaa na maji dakika hamsini atakwambia arobaini, na ataapa, na jirani yake mpenzi ataapa naye. Ukitaka ile kumi, nenda kwa hasimu wake.

Kwa hivyo alikuwa na kanuni yake, nayo haikuwa ya mtu mwengine: mtu wa nne. Rafiki hukwambia mtu alivyo. Hasimu hukwambia alivyofanya.

Alimpigia mpwa wake aliyeoa Sur. Mpwa akampata Aflah kwa siku moja, maana Sur watu wanajuana. Alimrudishia jibu akicheka. "Mjomba, nimemtajia Mohannad bin Hood, akatukana kwanza ndipo akaniuliza nani anamtafuta."

"Vizuri," alisema Abdulsamad. "Huyo huyo."

Alitoka Ibra asubuhi ya Jumatano, peke yake. Alisimama Al Kamil, akanywa chai ya maziwa ndani ya gari mbele ya mkahawa wa Wahindi, akayaandika masuali yake kwa mpango. Hakuandika Frimasoni.

Aflah alikuwa wakala wa kutoa mizigo forodhani. Alikuja mkahawani wakati wa mapumziko ya kazi, dishdasha imepigwa pasi mpaka inakata, simu mbili mezani. Watu wake walikuwa wa Tabora kabla ya kurudi Omani, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, chenye Kiingereza ndani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza habari za mtu."

"Ami, unataka ukweli au unataka maneno ya harusi?"

"Nimeendesha kilomita mia na zaidi. Maneno ya harusi yapo Nizwa."

Aflah alicheka bila kutaka. "Sawa. Mohannad ni msaliti. Ile ilikuwa familia. Tulikula pamoja, tulilala chumba kimoja, baba yangu alipofariki mabro walinichangia tiketi. Nyumba ya miaka mia na hamsini, imekufa kwa mdomo wake."

"Alisema nini?"

"Kila kitu."

"Anza mwanzo. Siku gani?"

Aflah alimtazama. Labda hakutegemea kuulizwa siku. "Jumamosi. Baada ya adhuhuri. Ilikuwa siku ya mwisho ya wapya, siku ya kupokewa. Zamani wapya walikuwa wananyweshwa bia mpaka waanguke. Mohannad alipofanywa mwalimu wao alisimama mbele ya watu, akasema mwaka wangu mimi pombe haitapita koo la mtu kwa amri yangu. Wakamcheka, wakamwita Imamu. Lakini ikapita. Akasema dasturi ibaki, ila tutie maji. Jagi kwa jagi, na anayebakisha anaanza tena. Maji, ami! Nani atadhurika kwa maji?"

Abdulsamad aliweka kalamu chini.

"Kulikuwa na kijana mmoja, Wesley, mdogo wake Mohannad mwenyewe wa chamani, ndiye aliyepewa amlee. Alikuwa anampenda kaka yake huyo, kila kitu alitaka awe wa kwanza. Alikunywa kuliko wote. Akalalamika kichwa, akatapika, akawa anasema vitu havieleweki. Tukacheka. Tukapanda juu kuimba wimbo wa Nyumba, Mohannad akabaki naye chini. Tuliporudi tukamkuta sakafuni, anatikisika. Mohannad kapiga magoti pembeni. Akasema ndiyo kwanza ameanguka."

"Kisha?"

"Mkuu akasema tungoje. Kitabu kinasema tungoje. Ndani ya Nyumba mambo yanamalizwa ndani. Tukangoja. Halafu Mohannad akainuka, akatoka nje, akapiga simu. Ambulansi, polisi, wote. Akawapa polisi majina ya watu wote, na jina lake akaliweka la kwanza."

"Kijana alikufa?"

"Hakufa." Aflah aligeuza simu moja, akaigeuza tena. "Ila daktari alisema maji yalimzidi, ubongo ukavimba; hakurudi kama alivyokuwa. Mkono wa kulia na ulimi, mzito. Nasikia mpaka leo."

"Toka mlipomkuta mpaka simu, muda gani?"

"Dakika arobaini. Ripoti imeandika hivyo, na ndivyo ilivyokuwa."

"Na wewe ulikuwa wapi arobaini hizo?"

Mwenye mkahawa alikuja kufuta meza, akaona nyuso zao, akarudi.

"Nilikuwa nimekaa, ami. Wote tulikaa." Kisha akajikaza. "Lakini mimi sikuvunja kiapo."

"Ndiyo," alisema Abdulsamad. "Wewe hukuvunja."

Alilipa chai, akaagana naye vizuri, akarudi kwa mwendo wa pole. Njia nzima hakuliona jambo moja likikaa peke yake. Kijana alikataza pombe. Hiyo ni heri. Alitia maji mahali pake. Huo ni ujinga, lakini ni ujinga ambao yeye mwenyewe, mtu wa maji, pengine angeufanya. Alipiga simu wakati wenziwe wamekaa. Lakini arobaini ni athar moja na theluthi. Shamba zima hunywa kwa muda huo. Na kitu kimoja zaidi: ndiyo kwanza ameanguka. Kuanguka kule hakuna aliyekushuhudia ila aliyeyasema maneno hayo.

Zabibu alimngoja mlangoni. "Haya. Ndio wao?"

"Si Frimasoni."

"Basi nini?"

"Maji."

"Nilikwambia bahili!"

Ijumaa alimtaka Mohannad aje kabla ya wazee wake. Kijana alifika mara baada ya sala, kofia mpya, udi mwingi. Alikaa alipoonyeshwa. Zabibu alikuwa kwenye kiti cha pembeni na tasbihi yake, akivuta punje bila kusoma kitu, masikio yamesimama.

"Nimekwenda Sur," alisema Abdulsamad.

Mohannad hakuuliza kwa nani. Aliivua kofia, akaiweka juu ya goti, akaishika.

"Basi babu unajua."

"Najua la Aflah. Sasa nataka lako. Maana ya herufi zenu sikuulizi, wala mikono yenu. Kiapo hicho kaa nacho. Nina suali moja." Alikuwa ameliandika, lakini hakulitazama. "Toka Wesley alipoanguka mpaka ulipopiga simu, ulipita muda gani?"

Mlango wa ndani ulifunguliwa, Azza akaingia na dele la kahawa na vikombe. Alisimama pale pale. Hakuna aliyemwambia atoke.

Mohannad alimtazama yeye, kisha babu. Abdulsamad alikuwa amewaona watu wengi katika dakika kama ile, wakulima, wafanyabiashara, shekhe mmoja, wakitafuta namba ya kusema. Alijua jinsi macho yanavyokwenda juu kidogo, halafu mkono unakuja kidevuni. Alingoja mkono.

"Hamsini," alisema Mohannad.

"Ripoti imeandika arobaini."

"Ripoti inahesabu toka wenzangu wameshuka. Kabla ya hapo tulikuwa mimi na yeye. Wao walikuwa juu, nasikia wanaimba. Alianguka mbele yangu, babu. Simu ilikuwa hapa." Alifungua kiganja. "Nikasema nitangoja dakika moja, ataamka. Halafu moja nyingine. Wimbo yetu ndefu, ina beti saba, kila muasisi na beti yake. Imekwisha, wameshuka, nikawaambia ndiyo kwanza ameanguka. Wallahi haikuwa kiapo. Nilikuwa naogopa. Kiapo nimeikumbuka baadaye, wakati nilikuwa nataka sababu."

Tasbihi ya Zabibu ilisimama.

Miaka thelathini, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumuongezea Abdulsamad dakika juu ya nafsi yake. Alilitazama jambo lile upande huu na upande ule, kama mtu aliyepewa sarafu asiyoijua. Ilimjia kwamba mjanja wa kweli angefanya hivi hivi hasa. Akauliza tena.

"Nani mwengine anaijua kumi hiyo?"

"Wesley. Mwaka uliofuata nilikwenda kwao, nimemwambia mbele ya mama yake. Mama yake alinitoa nje. Baada ya miezi sita imekuja posta, ile kafi. Herufi zimechomwa dukani. Nyuma ameandika mwenyewe, kwa mkono ya kushoto."

"Ameandika nini?"

"'Kaka mkubwa, usisahau, nami sitasahau. Ndugu yako.'" Aliigeuza kofia gotini. "Sijui kama amenisamehe ao amenifunga. Nimeisoma kila siku, sijui."

Azza aliweka dele juu ya meza. Mikono yake ilikuwa imara, na hilo babu yake alilijua: alipokasirika sana ndipo alipokuwa imara.

"Mimi uliniambia arobaini," alisema.

Kumbe Azza alikuwa anajua. Abdulsamad alimgeukia mjukuu wake, na yale maneno ya uani yakamrudia: uliza mpaka mwisho. Alikuwa na shaka yake mwenyewe, mwalimu wa hesabu. Alikuwa ameihisi ile namba haijatimia, na hakuweza kuipata peke yake.

"Ndiyo," alisema Mohannad. "Nilikuambia ya ripoti."

"Babu umemwambia hamsini. Kwa nini yeye, si mimi?"

"Yeye ameuliza. Wewe ulinisamehe kabla hujauliza. Nilishindwa kurudi nyuma."

Azza aligeukia dele. Alimimina kikombe kimoja, akampa babu yake. Cha pili kwa Zabibu. Cha tatu alikaa nacho mkononi mwake muda ambao Mohannad hakujua afanye nini na macho yake. Nje gari lilisimama. Walikuwa Hood na Bi Ghaniya.

"Babu, umeuliza mpaka mwisho?"

Abdulsamad aliweka kikombe chini. "Nimefika pale ninapoweza kufika."

"Basi sema wewe kwanza."

"Mimi sina hapana," alisema polepole. "Ndiyo si yangu. Ni yako."

Azza alimsogezea Mohannad kikombe. "Lile kafi," alimwambia, "ukilitundika nyumbani kwetu, uligeuze. Wageni wausome upande wa nyuma. Na wakiuliza, wewe ndiye utakayewajibu. Hamsini."

"Hamsini," alisema Mohannad.

"Kwetu!" alisema Zabibu. "Msichana amekwisha sema kwetu, na wazee wa watu hata viatu hawajavua!" Aliipangusa pua yake kwa ncha ya mtandio. "Haya, na mimi koo limenikauka kwa hadithi zenu. Nitapewa maji leo, au nitapimiwa?"

Mohannad aliinuka mwenyewe. Aliijaza bilauri mpaka ukingoni, akampa kwa mkono wa kulia, akarudi akakaa. Zabibu alikunywa. Kijana alikuwa akiitikia salamu za wazazi wake mlangoni, akacheka walipocheka, lakini macho yake yaliifuata ile bilauri mpaka iliporudi juu ya sinia.

Na Abdulsamad, aliyekuwa amekwisha sema neno lake, akaendelea kumtazama Mohannad.